Wakala Asiye na Kibanda: Jinsi Programu Zinavyokusoma, na Jinsi ya Kuzielezea Msimu Wako

Ukitaja neno "wakala" pale stendi ya Nyeri au sokoni Karatina, kila mtu anajua unaongea kuhusu nani. Ni yule dada au kijana wa kibandani, mwenye daftari mezani, anayekuomba kitambulisho kabla ya kukupa pesa. Tangu M-PESA ianze Machi 2007, mawakala hawa ndio waliotufanya tuamini kwamba pesa inaweza kuingia kwenye simu na kutoka salama.

Siku hizi kuna wakala mwingine anayekuhudumia, na huyu hana kibanda. Ni programu. Ndiye anayekadiria leo unaweza kukopeshwa pesa ngapi. Ndiye anayechagua ofa gani ikufikie kwa SMS. Ndiye anayewasha na kuzima sola uliyoichukua kwa kulipa kidogo kidogo. Na ndiye anayesababisha maswali mengi tunayopata kutoka kwa wateja: "Mbona limiti yangu imeshuka na sijawahi kukosa kulipa?" "Mbona jirani ameletewa ofa na mimi sijaletewa?"

Leo tunataka kujibu maswali hayo vizuri. Tutaeleza huyu wakala ni nani, anajifunza vipi, kwa nini ni rahisi kuwasoma vibaya watu wa eneo la Mlima Kenya, na wewe unaweza kufanya nini.

Wakala wa programu ni nini hasa?

Programu ya kawaida hungoja kuambiwa. Ukibonyeza "Tuma Pesa" inatuma, usipobonyeza inalala. Wakala wa programu amepewa kazi yake mapema. Anaangalia hali ilivyo, anaamua, kisha anatenda bila kuuliza mtu kila mara.

Chukua mfano wa alamu. Alamu ya kawaida ukiiweka saa kumi na moja asubuhi, italia saa kumi na moja kila siku, hata Jumapili. Alamu yenye wakala ndani ingegundua kwamba siku za soko unaamka saa kumi, na Jumapili unaamka saa moja, halafu ingejipanga yenyewe.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1991, Mark Weiser, mwanasayansi wa kituo cha Xerox PARC huko California, aliandika kwamba kompyuta za kesho zitakuwa nyingi na ndogo, zimejificha ndani ya vitu vya kila siku mpaka tusizitambue. Mwaka 1994, Pattie Maes wa chuo cha MIT nchini Marekani akaeleza mawakala wa programu ambao wangempunguzia mtu kazi kwa kujifunza tabia zake. Unganisha mawazo hayo mawili: vifaa viko kila mahali, na kuna wakala anayevitumia kukuhudumia kulingana na maisha yako. Mahali pa namna hiyo ndipo wataalamu wanapaita mazingira erevu.

Mazingira erevu yameshafika kwetu

Ukisikia "mazingira erevu" unaweza kufikiria jumba la kifahari linalofungua milango lenyewe. Lakini anza na vitu vilivyo nyumbani kwako.

Sola za M-KOPA zilianza kuuzwa nchini mwaka 2012. Ndani ya kisanduku chake kuna laini ya simu. Ukilipa kwa simu, mfumo unaona malipo na mwanga unaendelea. Siku zako za malipo zikiisha, kisanduku kinajifunga bila mtu yeyote kuja kwako. Simu janja nyingi zinazouzwa kwa mkopo pia hufungwa na kufunguliwa hivyo hivyo.

Mwaka huo huo wa 2012, mwezi wa Novemba, Safaricom na benki ya CBA walianzisha M-Shwari. Kwa mara ya kwanza Wakenya wengi walipata mkopo bila kujaza fomu wala kuonana na afisa wa benki. Programu iliangalia jinsi mtu alivyotumia simu na M-PESA, ikampangia kiwango chake. Fuliza ilipokuja Januari 2019, kila mteja aliyejiunga naye alipewa limiti yake mwenyewe.

Na si pesa tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo hapo Nyeri, wamewahi kufunga vihisio vya kupima kina cha maji kwenye mto Muringato, vikituma vipimo bila mtu kushuka mtoni na rula. Kihisio kama hicho ni macho. Wakala wa programu ni kichwa kinachoamua. Malipo ya simu ni mkono unaotenda, kwa mfano kulipia maji au kufungua sola. Vitu hivi vitatu vikikutana, huduma inaanza kujipanga kukuzunguka wewe.

Anakujuaje?

Maes alitaja njia nne ambazo wakala hujifunza, na mpaka leo ni njia nzuri ya kuelewa kinachoendelea kwenye simu yako.

*Kwanza, anakutazama.* Unapokea pesa lini, unatoa lini, unalipia nini, unabaki na kiasi gani. Wakala wa kibandani naye hujua hivi: anajua kila Jumamosi unatoa pesa ya kulipa vibarua.

*Pili, anasoma majibu yako.* Ukikubali ofa, amejifunza kitu. Ukiikataa, amejifunza pia. Hata ukiipuuza, hilo nalo ni jibu.

*Tatu, anaambiwa.* Unaingia mwenyewe kwenye mipangilio na kusema: nitumie ujumbe kwa Kiswahili, sitaki ofa za mkopo, usisome mahali nilipo.

*Nne, anauliza wenzake.* Anakulinganisha na wateja wanaofanana nawe. Kwenye mikopo, anaweza pia kupata taarifa zako kutoka kwa mashirika ya CRB, yanayoweka kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa madeni.

Angalia vizuri hizo njia nne. Ya kwanza, ya pili na ya nne zinaendelea hata ukiwa umelala. Ya tatu peke yake ndiyo inayokuhitaji wewe, na ndiyo wengi hawaitumii.

Mashine inahesabu miezi, shamba linahesabu misimu

Hapa ndipo watu wa mlimani wanapoumia.

Programu nyingi za kukadiria mteja hupenda mapato yanayofanana kila mwezi. Sasa tazama pesa inavyoingia huku kwetu. Mkulima wa chai anayepeleka majani kiwanda cha Gathuthi, Chinga au Ragati hulipwa kidogo kila mwezi kulingana na kilo zake, kisha anangoja bonasi baada ya mwaka wa hesabu kufungwa Juni. Mkulima wa kahawa ana msimu mkubwa kuanzia Oktoba hadi Disemba na mwingine mdogo katikati ya mwaka, na kati ya kupeleka kahawa kiwandani na kulipwa hupita miezi. Mkulima wa mchele kule Mwea anangoja mavuno. Lakini mwenye miraa kule Igembe anaweza kuuza karibu kila siku, na mfanyakazi wa hoteli Nanyuki anapata mshahara mwisho wa mwezi.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijana wa hoteli Nanyuki analipwa shilingi 20,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 240,000. Mama mkulima wa kahawa kule Tetu anapata 180,000 kwa msimu mkubwa na 60,000 kwa msimu mdogo. Kwa mwaka ni 240,000 vile vile.

Sasa mpe kazi wakala anayeangalia miezi mitatu tu iliyopita. Kwa kijana wa Nanyuki ataona 60,000, na kila atakaporudi ataona 60,000. Kwa mama wa Tetu, akichungulia baada ya malipo makubwa ataona 180,000 na kufikiri huyu ni tajiri. Akichungulia kati ya malipo na malipo ataona karibu sufuri na kufikiri huyu hana kazi. Mara zote mbili amekosea. Mama ni yule yule, shamba ni lile lile.

Na makosa hayo yanakuja wakati mbaya. Wakala anamwona mama hana kitu wakati ule ule anapohitaji mbolea na karo. Anamwona tajiri na kummiminia ofa za mikopo wakati ambao hazihitaji. Mama akikubali mkopo mkubwa wa kulipwa kwa siku 30, na malipo yake yanayofuata yako miezi mitano mbele, deni litachelewa. Deni likichelewa, jina linaweza kufika CRB, na programu nyingine nazo zitalisoma. Mtu ambaye hajawahi kushindwa na msimu anaanza kuonekana kama mtu asiyelipa.

Kuna shida nyingine ya nyumbani: laini moja, watu watatu. Laini iko kwa jina la shosho, mjukuu anaitumia kucheza kamari, na baba anapokelea pesa ya maziwa humo humo. Wakala hajui kuna watu watatu. Anamtengeneza mteja mmoja wa ajabu, mwenye ng'ombe na tiketi za kubeti, kisha anampa shosho huduma za mtu huyo.

Mfano kwenye stima

Kama bado unaona haya ni mambo ya mbali, angalia tokeni za stima. Wateja wa nyumbani wa Kenya Power hupangwa kwa makundi: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Kundi lako hutokana na wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, na kadiri kundi linavyopanda, bei ya uniti inapanda.

Basi Disemba ikifika, watoto wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa, taa zinawaka mpaka usiku wa manane, birika la stima halipumziki. Wastani ukivuka mstari, Januari unanunua tokeni kwa pesa ile ile na unapata uniti chache, ingawa wageni wameshaondoka. Hapo hakuna wakala anayejifunza, ni kanuni tu ya hesabu. Lakini somo ni lile lile. Mfumo unaona tabia yako ya juzi, hauoni sababu yake. Ukijua dirisha lake ni miezi mitatu, huwezi kushangaa, na unaweza kupanga matumizi.

Anamfanyia kazi nani?

Hili ni swali la haki na hatutaki kulikwepa, kwa sababu hata sisi ni kampuni.

Wakala wa kibandani anapata kamisheni ukiweka au ukitoa pesa. Hiyo haimfanyi mtu mbaya, lakini ni vizuri ujue. Wakala wa programu naye ana mwajiri. Akikukumbusha kulipa siku mbili kabla deni halijafika, anakusaidia wewe na mkopeshaji pia. Akikupandishia limiti, huenda ni kwa sababu umeaminika, na huenda pia ni kwa sababu mkopo mkubwa unaleta ada kubwa. Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja.

Kipimo chepesi tunachokupa ni hiki. Kila ofa "iliyoandaliwa kwa ajili yako" ikikujia, jiulize: bila SMS hii, leo asubuhi nilikuwa nimepanga kukopa? Kama hapana, basi ofa hiyo imeandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine pia.

Sheria iko upande wako

Watu wengi hawajui kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inakupa haki ya kujua data yako inatumika vipi, kuiona, kuomba irekebishwe ikiwa na makosa, na kupinga inavyotumika.

Kifungu cha 35 ndicho kinachohusu mawakala hawa. Kinasema una haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi unaokuathiri kwa uzito. Ziko hali ambazo sheria inaruhusu, kwa mfano pale uamuzi unapohitajika kwa ajili ya mkataba wako na kampuni, au pale ulipotoa idhini. Lakini ukifanyiwa uamuzi wa aina hiyo unapaswa kujulishwa, na unaweza kuomba ufikiriwe upya, au uamuzi mwingine ufanywe ambao hautegemei mashine peke yake.

Usiporidhika, unaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Na kama ni mkopo wa programu ya simu, kumbuka kwamba tangu kanuni za mwaka 2022, wakopeshaji wa kidijitali wanahitaji leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Hakikisha anayekukopesha yuko kwenye orodha ya wenye leseni kabla ya kumpa ruhusa ya kusoma simu yako.

Mfundishe wakala msimu wako: mambo saba ya kufanya

1. Lipa mbele pesa ya msimu ikiingia. Kama sola au simu yako ni ya kulipia kidogo kidogo, uliza kama unaweza kulipa miezi kadhaa kwa mara moja siku ya bonasi. Giza la miezi ya ukame utakuwa umelikwepa, na rekodi yako itabaki safi.

2. Acha pesa ya shamba ionekane. Malipo ya kahawa au chai yakiingia kwenye akaunti ya Sacco na kuishia huko, wakala wa simu hayaoni. Si lazima uhamishe zote. Lakini ukipitisha sehemu ya pesa hiyo kwenye laini yako mara kwa mara, utakuwa umemwonyesha kwamba una mapato.

3. Laini moja, mtu mmoja. Kama mjukuu anahitaji laini, asajiliwe ya kwake akifikisha umri. Kama una biashara, tumia namba ya till, usichanganye pesa ya duka na ya nyumbani.

4. Linganisha siku ya kulipa na siku ya kulipwa. Kabla ya kubonyeza "Kubali", jiulize pesa yako inayofuata inaingia tarehe gani. Kama iko mbali kuliko tarehe ya deni, mkopo huo si wako, hata kama limiti inakuruhusu. Ukulima unahitaji mkopo unaongoja mavuno, na huo utaupata kwa urahisi zaidi kwenye Sacco au chama kinachojua shamba lako.

5. Kataa kwa sauti. Ofa usiyoitaka usiipuuze tu. Ingia kwenye mipangilio uizime, au jiondoe kwenye huduma. Hiyo ni ile njia ya tatu, na ni jibu lisiloweza kusomwa vibaya.

6. Uliza sababu, na uulize kwa maandishi. Limiti ikishuka bila wewe kuelewa, tuma ujumbe au barua pepe kwa kampuni husika: uamuzi huu ulifanywa na mtu au na mfumo, na umetegemea taarifa gani? Eleza msimu wako: mimi ni mkulima wa kahawa, nalipwa mara mbili kwa mwaka. Ambatanisha karatasi ya malipo ya chama chako cha ushirika kama unayo.

7. Linda namba ya siri. Matapeli wameshajua watu wanataka limiti zipande. Watakupigia wakisema "mfumo umekuchagua, tupe PIN tukuongezee." Hakuna wakala, awe mtu au programu, anayehitaji PIN yako ili akuhudumie. Kata simu.

Na sisi tufanye nini?

Hatuwezi kukuachia wewe kazi yote. Kampuni inayotaka kuwahudumia watu wa Othaya, Kerugoya, Chuka au Timau inapaswa kupima mapato kwa mwaka mzima, si kwa miezi mitatu. Inapaswa kumuuliza mteja mapema: pesa yako huingia lini? Inapaswa kumweleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini limiti imebadilika, na kumpa mtu wa kuongea naye mashine inapomsoma vibaya. Haya ndiyo tunayoyasukuma ndani ya ofisi zetu, na maswali yenu yanatusaidia kuyasukuma zaidi.

Kwa hivyo kama limiti yako imebadilika na hujui sababu, tuandikie. Tuambie unalima nini au unafanya biashara gani, na miezi ipi pesa huingia. Usitutumie namba ya siri wala picha ya kitambulisho. Ujumbe wako utasomwa na mtu.